Bamvua Halingoji Gari

Saa 4 kasorobo asubuhi nilikuwa nimesimama kando ya barabara ukishapita Gongoni, kaskazini ya Malindi, boneti iko wazi, mvuke unapanda kama sufuria ya mihogo. Upande mmoja mabwawa ya chumvi yanameremeta kwa jua. Lori la chumvi likapita, dereva akanipigia honi ya pole, au ya kejeli, sikujua. Kiti cha nyuma, sanduku langu la barafu lilikuwa linadondosha maji tone moja moja. Na kule Ngomeni, nilikotakiwa niwe, bahari ilikuwa imekwisha kupwa.

Aliye na utafiti wa kukaa ofisini gari likimharibikia amepoteza siku. Mimi nilikuwa nachimba udongo chini ya mikoko nipime kaboni iliyomo, na ploti zangu za mlilana, mkoko wa upande wa baharini, ziko ukingoni kabisa, mahali ambapo matope hayafunuki ila kwa maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, basi. Hapa pwani yetu maji hayo hupwa mpaka mwisho karibu na saa 4 asubuhi, kesho yake yanachelewa kiasi cha dakika 50, kesho kutwa vivyo hivyo, na siku chache baadaye maji mafu, yale yasiyopwa sana, yameshaingia. Mchu, mkoko mwingine ulioko nyuma, karibu na nchi kavu, hauna maringo, hata maji mafu unaufikia kwa miguu. Mlilana unakungoja siku tatu, nne, kisha ukutane nao nusu mwezi ujao. Gari langu lilininyima mabamvua manne katika mwaka mmoja. Ndiyo maana naandika haya, kwa yeyote anayejiandaa kununua gari la mtumba ili akafanyie utafiti.

Kwa nini nilinunua? Hesabu ndiyo iliyonidanganya. Kukodi gari lenye nguvu kulikuwa kunanigharimu Sh 7,500 kwa siku, mafuta mbali. Siku tatu kila bamvua, mabamvua mawili kwa mwezi, hiyo ni Sh 45,000. Bodaboda nilijaribu mara moja tu. Mirija ya kuchimbia ina urefu wa mita moja na zaidi, ni ya chuma, na tulipofika kwenye daraja la Sabaki upepo ulitaka kunigeuza tanga. Basi nikakopa kwenye chama, nikanunua gari dogo la mizigo, lile ambalo wabeba miraa wanalipenda na ambalo Mkenya hahitaji kutajiwa jina lake. Muuzaji aliniapia kwamba lilikuwa la mwalimu. Kila gari la mtumba Kenya lilikuwa la mwalimu.

Sikwenda na fundi kuliangalia. Nilikwenda na binamu yangu, ambaye anajua rangi.

Kabla ya gari kuanza vituko vyake, lakini, nilikuwa nimeshajikwaa penginepo. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, nilikuwa nacho, na barua ya idara ya misitu pia, maana mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932 na huwezi kuigusa bila ruhusa. Nikateremka Ngomeni na makaratasi yangu, nikaelekea moja kwa moja matopeni. Vijana wawili wakanisimamisha kwa adabu, wakaniuliza nimekuja na nani. Nikatoa kibali. Mmoja akakisoma chote, akanirudishia, akasema, "Hii ya Nairobi tumeiona, dada. Sasa ya hapa iko wapi?" Nilirudi Malindi mikono mitupu. Wiki iliyofuata nilikwenda kwanza kwa wazee na viongozi wa wavuvi, nikaketi, nikajieleza wazi kwamba sikuja kupima ardhi ya mtu wala sikutumwa na watu wa chumvi. Wakanipa ami mmoja, mkata boriti wa zamani, awe kiongozi wangu. Msaada wake haukadiriki. Mimi nilikuwa nahesabu miti, yeye alikuwa anajua shimo lipi limemmeza nani.

Gari lilichemka kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi, joto la kaskazi likiwa bado limekolea. Nikalipeleka kwa fundi wa karibu na nyumbani. "Linachemka," nikamwambia. Akatoa thamostati, kile kidude kinachodhibiti joto la injini, akaitupa, akasema gari la pwani halina haja nayo, hiyo ni ya watu wa baridi. Sh 1,500. Likatulia wiki mbili. Likachemka tena. Fundi wa pili akasema rejeta imeziba, nami nikaamini kwa sababu nilikuwa nimeijaza maji ya kisima njiani mara kadhaa, na visima vyetu vilivyo karibu na bahari maji yake yana chumvi. Rejeta ya mtumba kutoka Japani Sh 9,500, ufundi Sh 2,000. Likachemka. Wa tatu, pampu ya maji, Sh 6,500 na ufundi 3,000. Likachemka nikiwa bado na risiti mfukoni.

Siku ile ya Gongoni, niliyoanza nayo, ilikuwa siku ya tatu baada ya pampu mpya. Na pale nikafanya kosa ambalo alama yake ninayo kwenye kifundo cha mkono. Nilikuwa na haraka ya bahari, nikafunika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, nikakizungusha kabla injini haijapoa. Kwa hisani yenu, msifanye hivyo. Kaa nusu saa. Kula embe. Kifuniko kikipoa na mpira wa juu wa rejeta ukawa laini mkononi, hapo ndipo ufungue, tena kidogo kidogo.

Nilifika Ngomeni saa 6 na nusu. Ami alikuwa ameketi kwenye gogo, suruali ameshaikunja, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Mwanangu, bahari imekuja ikakuuliza." Barafu ilikuwa imekwisha yote. Nikageuza gari.

Kutoka pale ufukweni unaiona mitambo ya San Marco, kituo cha Waitaliano cha kurushia roketi, imesimama baharini kwa miguu yake ya chuma. Kutoka huko ndiko iliporushwa setilaiti ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ndipo ikapata jina hilo. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kutafuta miale ya eksi angani. Watu waliondoka hapa wakafika angani, nikajisemea, na mimi nashindwa kuondoka Gongoni. Nilicheka peke yangu. Nilipofika Mambrui kicheko kikageuka, nikaegesha chini ya mti, nikalia kilio cha mtu mzima, kile kisichokuwa na sauti.

Haikuwa kwa ajili ya gari peke yake. Jioni ya kuamkia siku ile nilikuwa nimepata barua pepe ya msimamizi wangu. Nilikuwa nimemtumia takwimu za mirija tisa ya kwanza, kazi ya mabamvua mawili. Akanijibu swali moja: udongo ulishindiliwa kiasi gani ndani ya mrija?

Hapa nitaeleza kidogo, maana anayeanza kazi hii swali hili litamwokoa. Unapopigilia mrija kwenye matope, matope hayaingii yalivyo. Yanajibana. Unaweza kuzamisha mrija sentimita 100 na ndani ukakuta nguzo ya udongo ya sentimita 82 tu. Kwa hiyo, kabla ya kuuchomoa, teremsha futi ndani ya mrija upime umbali kutoka mdomoni hadi juu ya udongo, kisha upime nje hivyo hivyo, uandike tofauti. Ni kazi ya dakika moja. Ukiiacha, kile kipande ulichokiita "sentimita 10 za juu" hujui ni sentimita ngapi za kweli, uzito wake kwa ujazo hauna maana, na hesabu ya tani za kaboni kwa hekta inakuwa ramli. Mimi nilijua jambo hili. Nililisoma, nikaliandika kwenye pendekezo langu kwa herufi nzuri. Lakini siku za mwanzo maji yalikuwa yanarudi, ami ananihimiza, gari limenichelewesha, nikajiambia nitapima mirija ya mbele. Mirija tisa. Yote nikaifuta.

Haraka hiyo hiyo ilinifuata mpaka maabara. Kupima mata ogania, yaani mabaki ya mimea na viumbe yaliyomo udongoni, huwa tunakausha udongo, tunaupima, tunauchoma kwenye tanuri la nyuzi 450 kwa saa kadhaa, tunaupima tena, na kilichopungua ndicho kilichoungua. Foleni ya tanuri ilikuwa ndefu, nami nikawa natoa vikombe vya kauri vikiwa bado vya moto naviweka kwenye mizani. Kitu cha moto huinua hewa juu yake, mizani inakidanganya, inasoma pungufu. Kwa hiyo kila sampuli yangu ilionekana imeungua kuliko ilivyoungua, na mimi nikawa nafurahia kaboni nyingi! Fundi sanifu wa maabara, dada mpole ambaye hajawahi kuandikwa kwenye makala ya mtu, ndiye aliyeniuliza mbona tarakimu za mwisho zinacheza. Tangu siku hiyo vikombe vinapoa kwenye chombo kikavu kilichofunikwa, na mimi napoa navyo.

Lebo za sampuli nitazitaja kwa kupita: kalamu ya risasi kwenye karatasi ngumu, moja ndani ya mfuko na moja nje. Wino unaoitwa wa kudumu haukuwahi kuonana na maji ya Ngomeni.

Nyumbani nako hawakunipa nafuu. Mama alikuwa akinipigia kila Ijumaa baada ya swala. "Hiyo miti bado hujamaliza kuipima?" Kwa upole, lakini swali ni lile lile. Wenzangu niliosoma nao wamejenga mtaa wa Barani, mimi nina deni la chama na friza iliyojaa matope. Posho ya ufadhili ilichelewa miezi mitatu, na katika miezi hiyo mitatu ndipo nilipokuwa nawalipa mafundi. Nasema wazi ili asiyejua ajue: katika utafiti wa nyikani, pesa zinazoisha kwanza ni zile ambazo hakuna mfadhili anayezikubali kwenye bajeti yake. Andika mstari wa matengenezo ya gari. Wakiuondoa, wameuondoa wao.

Fundi wa nne nilipelekwa na muuza samaki anayeniuzia barafu. Gereji yake Maweni haina kibao, ina mwarobaini na viti viwili. Mzee kidogo, miwani imefungwa kwa uzi. Gari lilifika limevutwa kwa kamba. Hakufungua boneti. Alivuta kiti.

"Dada, linachemka lini?"

"Linachemka tu, fundi. Kila mara."

"Si kila mara. Ungekuwa hufiki popote. Nakuuliza lini. Likikimbia? Likisimama? Likiwa na mzigo?"

Nikafikiri. Ilikuwa mara ya kwanza kufikiri. Kutoka Malindi mpaka Gongoni, lami, halikuwahi kunisumbua. Linaanza nikikata kuingia njia ya mchanga ya Ngomeni, gia ya kwanza na ya pili, au nikikwama nyuma ya malori. Siku ile ya mvuke nilikuwa ndio kwanza nimetoka kwenye msongamano wa malori ya chumvi.

"Likikimbia, upepo unaipoza rejeta," akasema. "Likitambaa, ni nani anaipoza?"

Akawasha injini, akawasha kiyoyozi, akaniita nisikilize. Kiyoyozi kikiwaka feni ya rejeta inatakiwa kuzunguka. Haikuzunguka. Akachukua nyaya mbili, akaiunganisha feni moja kwa moja na betri. Ikavuma. "Feni nzima. Sasa tuufuate umeme." Ndani ya dakika 20 alikuwa ameshika mkononi soketi ya waya iliyojaa kutu ya kijani, na relei, ile swichi inayoipa feni umeme, iliyokufa. Akaniuliza kama niliwahi kupitisha gari kwenye maji ya chumvi. Nikakumbuka: mwezi wa Februari, maji yakijaa, nilikata kwenye tope la bahari lililofika nusu ya tairi ili kuokoa robo saa. Sikuliosha chini. Gari likipita maji ya bahari, siku hiyo hiyo lioshwe chini na ndani ya boneti kwa maji matamu ya bomba, si ya kisima.

"Wale wengine hawakuniuliza lini," nikalalamika.

"Nawe hukuwaambia."

Relei, waya na kazi yake: Sh 1,200. Nilikuwa nimeshalipa Sh 22,500 kubadilisha vitu vilivyokuwa vizima, na kila kimoja nilikibadilisha kwa kukisia. Mimi, mwanafunzi wa uzamivu, niliyefundishwa miaka mingi kwamba kabla ya kugusa kitu andika kinatokea wapi, lini, katika hali gani. Kwenye mikoko nina daftari lisilopitisha mvua. Kwenye gari sikuwa na mstari mmoja. Siku hiyo nilinunua daftari la Sh 30 nikaliweka karibu na usukani.

Ningependa kusema hapo ndipo shida iliisha. Lakini injini iliyochemka mara nne na kuendeshwa hivyo hivyo hadi nyumbani haisamehi. Mwezi uliofuata maji yakaanza kupungua bila kudondoka popote, asubuhi moshi mweupe nyuma, na nilipofungua kifuniko cha oili nikakuta kitu kama chai ya maziwa. Ukiona hivyo usiwashe tena, maji yameingia kwenye oili, gasketi ya silinda hedi imekwenda. Kufungua, kunyoosha hedi, gasketi, oili, kulanti badala ya maji, na thamostati mpya kurudi mahali pake (fundi aliniambia kuitoa ni kuvunja saa kwa sababu umechelewa): Sh 24,000. Jumla ya yote Sh 47,700. Kwa pesa hizo ningechomesha sampuli zangu zote tanurini na nibakishe za pilau.

Kuna ujanja mmoja nilioupata kwa taabu. Sindano ya joto ikianza kupanda na huna pa kusimama, zima kiyoyozi, washa hita mpaka mwisho, fungua madirisha. Joto la injini linakuja kwako. Malindi mwezi wa Machi ni adhabu, lakini jasho ni bure na gasketi si bure.

Baada ya hapo nilibadilisha mpangilio. Silali tena Malindi usiku wa kuamkia bamvua. Naondoka jana yake jioni na barafu, nalala kwa mke wa ami, na asubuhi gari likikataa, miguu haikatai. Kila kitu kilicho kwenye friza kina ndugu yake penginepo, nusu ya kila sampuli iliyokauka iko kwa dada wa maabara. Mirija tisa nilichimba upya, futi ikining'inia shingoni kwa kamba, na ami naye akashika zamu ya kunikumbusha. "Umepima ndani? Umepima nje?" Udongo ulijibana kati ya sentimita 9 na 21, hakuna mirija miwili iliyofanana.

Makala ya kwanza ilikataliwa mwezi wa Novemba. Mpitiaji wa pili aliuliza juu ya vipande vya kombe kwenye udongo, kama navyo havikuungua tanurini. Kwa nyuzi 450 haviungui, nilikuwa na jibu na nilikuwa na rekodi, ila sikuyaandika. Nimeyaandika. Iko kwenye jarida jingine sasa, naingoja.

Gari nimeliuza. Kazi ya matope imekwisha, na deni la chama lilikuwa linanitazama. Alilichukua kijana anayepeleka samaki Kilifi, nikampa na daftari lake. Wiki ya pili akanipigia simu, sauti juu.

"Dada, gari lako hili linalia!"

"Linalia lini?" nikamuuliza.